Koti la Marehemu Julius

Kitongoji chetu kina kaya arobaini na moja, makanisa mawili, mashine ya kusaga inayofanya kazi ikipenda, na koti moja. Koti ni langu. Lilikuwa la mume wangu, marehemu Julius, na alipofariki nilibaki nalo kama wajane wengine wanavyobaki na shamba. Ni koti jeusi la sufu, zito, la vifungo vitatu, ambalo mnadani Katesh hulipati hata ukifukua mitumba tangu asubuhi mpaka mbuzi wa mwisho auzwe.

Huku kwetu Gehandu mwanaume haendi mbele ya wakubwa bila koti. Sisemi kuna sheria. Sheria ingekuwa afadhali, maana sheria mtu anaweza kuivunja. Akienda benki, akienda kuposa, akiitwa shuleni kuambiwa mtoto wake hasikii, lazima avae koti, na kwa kuwa koti ni moja, lazima apite kwangu. Anapiga hodi. Anauliza habari za Judith, binti yangu aliyeolewa Singida. Anauliza habari za kuku. Mwisho anasema ana safari kidogo. Neno koti halitaji kabisa. Naingia ndani, natoka nalo, namwambia, "Jumatatu." Maana yake alirudishe Jumatatu, na mambo yanaishia hapo.

Akishalivaa, ni lake. Huo ndio ustaarabu wetu, na tunao mwingi kuliko maji. Ukikutana naye njiani, hata kama juzi wewe ndiye uliyelivaa, unasema, "Limekukaa." Naye anajibu, "Asante, nimelizoea." Kumwambia mtu kwamba amevaa koti la kuazima ni tusi ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa, na nimeishi huku miaka thelathini na mitano. Gerald, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alioa nalo. Wolfgang katekista alimpokea askofu nalo. Siku moja wote wawili walihitajika ofisi ile ile saa ile ile, wakabadilishana nyuma ya jengo, na ofisa akawaambia wote kwa zamu kwamba wanajua kuvaa.

Koti la sufu halifuliwi. Ukilifua linarudi, unabaki na koti la mtoto. Mimi nalipiga kwa fimbo, nalianika uani, basi. Jambo hili mnikumbushe baadaye, kwa sababu serikali nayo ilikuja kuligundua, ila yenyewe ilitumia mashine.

Katika wote walioliazima, mzee Qamara ndiye niliyempa masharti mengi kuliko wenzake. Qamara ni mfugaji wa kule Hirbadaw, mtu wa shuka na fimbo, mkewe mkubwa alishatangulia. Mara mbili kwa mwaka anaitwa kwenye vikao vya malisho, na mara mbili kwa mwaka alikuja kusimama mlangoni kwangu. Sikuwahi kumkaribisha kiti. Nilimwambia asikae nalo chini, asiingie nalo zizini, asitie ugoro mfukoni. Alilipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, akasema, "Nimesikia, binti yangu." Alipolirudisha nililinusa kabla hajafika hata kwenye migomba. Nilijiona mtu safi sana.

Sasa nije kwa Renatus. Renatus ni mtoto wa dada yangu Scolastica, Mungu amrehemu. Nimemlea tangu ana miaka sita, ananiita mama mdogo, analima mbaazi, na hajawahi kuiba hata muhindi wa kuchoma, si kwa utakatifu, ni kwa woga. Mwezi wa nane alikuwa anapanda Dongobesh, wilaya ya Mbulu, kuposa binti anayeitwa Mary. Mjomba wa Mary, bwana Theodory, alikuwa ameshuka kuja kuiona nyumba ya kijana, na sasa walikuwa wanapanda pamoja. Theodory ni mtu wa kuvuta midomo kabla ya kusema. Alipomwona Renatus ametoka ndani na koti, alilitazama kuanzia kola mpaka chini, akasema, "Limekukaa." Nikajua mahari imeshapungua.

Walipanda Noah. Kabla ya kupanda mlima wakakuta kizuizi cha polisi. Chini ya kiti cha nyuma ukatoka mfuko wa bangi, kilo kumi na mbili. Abiria walikuwa tisa na mfuko haukuwa na mwenyewe. Wote tisa walishangaa kwa namna moja. Dereva alishangaa kuliko wote, akasema hata kiti chenyewe hakijui.

Polisi wakafanya jambo la kisasa. Walikuwa wametoka kwenye semina, inaonekana, na semina ilikuwa nzuri. Wakachukua selotepu, wakabandika na kubandua kwenye nguo za kila abiria, wakatia kwenye bahasha za kaki, wakaandika majina. Kwa Renatus hawakuridhika na selotepu, wakalichukua koti zima. Maskini haruhusiwi kuvaa vizuri kupita askari. Afande akauliza, "Koti hili ni la nani?"

Hapo Renatus angeweza kusema kweli. Lakini mjomba wa mchumba alikuwa amekaa ubavuni kwake, amevuta midomo. Kijana akanyoosha mgongo. "La kwangu," akasema. "Nimelizoea."

Baada ya siku tatu akaja askari kwa pikipiki, na Theodory amekaa nyuma yake, maana wakwe nao walitaka kujua tabia za kijana. Walikaa kwa Gerald mwenyekiti. Askari alikuwa na picha ya koti kwenye simu, akaita watu mmoja mmoja na kuuliza, "Unalifahamu? Ni la nani?"

Gerald, aliyeoa nalo, akasema la Renatus. Wolfgang katekista akasema la Renatus, tena akaongeza kwamba anahudhuria nalo ibada. Watu kumi na mmoja, kauli moja. Hata mambo ya mipaka ya mashamba hatujawahi kukubaliana hivyo. Kila mmoja alitoka pale anatabasamu, amemheshimisha kijana wetu mbele ya mkwe. Tulidhani mtu mwenye koti lake mwenyewe hawezi kushukiwa bangi, kama vile bangi ni kitu cha wenye sweta.

Na mimi? Mimi ndiye niliyeitwa wa kwanza. Nilimwangalia Theodory, nikavuta kitenge changu vizuri, nikasema, "Ni la mwanangu Renatus. Ana vitu vyake huyu, hategemei vya watu." Nikatia dole gumba kwenye karatasi. Nilirudi nyumbani nikapika wali.

Majibu ya maabara yalirudi kutoka Arusha mwezi wa kumi. Nguo za abiria wanane hazikuwa na kitu, isipokuwa shuka la bibi mmoja lililojaa ugoro, na ugoro si kosa. Koti lilikuwa na bangi. Haikuwa imekaa juu juu, ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi. Renatus akafikishwa mahakamani na kuwekwa mahabusu. Dhamana ilitaka mdhamini mtumishi wa serikali. Mtumishi wa serikali tunayemjua ni mmoja, Nikolausi, mtendaji wetu wa kijiji, na wiki hiyo alikuwa na safari, na wiki iliyofuata, na ile nyingine. Sijawahi kuona mtu anayesafiri sana bila kutoka nyumbani.

Kwa mfuko ule, akitiwa hatiani, Renatus angefungwa miaka ambayo Mary angeitumia kuolewa na mwingine, kuzaa na kupata wajukuu. Usingizi ulinitoka, nikimwaza kijana asiye hata na saa ya mkononi, anakula maharage ya mahabusu kwa sababu ya heshima zetu.

Siku ya ushahidi nilikaa benchi la mbele. Mkemia mwenyewe alikuja, binti mwembamba mwenye miwani, anaitwa Konsolata. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akaeleza polepole, kama anafundisha chekechea, kwamba nyuzi za sufu zina magamba madogo, na kitu kikigusa kinanaswa humo. Kwa hadubini aliona vinywele vya mmea vilivyopinda kama kucha ya paka, na vinywele hivyo ni vya bangi. Kisha akakata vipande viwili vya koti, akavilowesha kwenye dawa na kuipitisha dawa hiyo kwenye mashine, na mashine ikakubali.

"Kwa hiyo mshtakiwa alibeba bangi," akasema mwendesha mashtaka.

"Kwa hiyo koti liligusa bangi," akasema Konsolata.

"Ndicho nilichosema."

"Hapana, sicho."

Hakimu, mama mtu mzima ambaye mpaka hapo nilidhani anasinzia, akafungua macho. "Iligusa sehemu gani ya koti?"

Konsolata akageuka kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu Arusha. "Bega la kushoto, mheshimiwa, na mgongoni upande wa juu. Kwa nje tu. Mifukoni hakuna, na kwenye mikono hakuna. Na ule mfuko wa kwenye gari ulikuwa umefungwa kwa nailoni mbili, nje yake nilipima, ilikuwa safi."

"Mbona kwenye taarifa hukuandika hayo?"

"Fomu ina vyumba viwili, mheshimiwa. 'Ipo' na 'haipo'. Nikaweka tiki kwenye 'ipo'."

"Iliingia lini kwenye koti?"

"Mashine haisemi lini, mheshimiwa. Wala haisemi nani."

Bega la kushoto. Kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji kuna picha kubwa ya fremu. Mwezi wa tano kulikuwa na operesheni ya kung'oa bangi porini, viongozi wakaja na mpiga picha, na Nikolausi mtendaji, ambaye siku nzima alikuwa kivulini akiandika majina ya waliofanya kazi, akabeba kiroba kimoja cha bangi mbichi begani, mkono juu, akapigwa picha kana kwamba ameing'oa yote kwa meno. Bega la kushoto. Na mwilini amevaa koti langu. Alikuja kulichukua asubuhi ile kwa habari za Judith na habari za kuku.

Kesi ikaahirishwa wiki mbili. Nikaenda kumwona Renatus, nikamweleza. Nilidhani ataruka kwa furaha. Akashika nondo na kusema, "Mama mdogo, nakuomba, usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Kwamba koti si langu. Theodory anakuja kila kesi. Atakwenda kusema kwao nilikwenda kuposa na koti la kuazima."

Nilimtazama mtoto niliyemlea kwa uji wangu. "Na huko gerezani," nikamwuliza, "utavaa koti gani?"

Nikatoka nje nikalia, kisha nikakasirika, na hasira kwangu ndiyo huwa inafanya kazi.

Kesho yake saa nne asubuhi nikaenda ofisi ya kijiji na ufagio. Nikamwambia Nikolausi, "Mtendaji, ofisi ya kiongozi kama wewe haifai kuwa na buibui." Akafurahi, akatoka nje nisije nikamtia vumbi. Nikafagia vizuri kabisa, nikafuta na kuta. Nilipotoka, picha ilikuwa tumboni chini ya kitenge, na Nikolausi akaniambia nimenenepa.

Siku ya utetezi nikapanda kizimbani. Nikaapa, nikaiweka picha mezani kwa karani, nikavunja ustaarabu wa miaka yote. Nikasema koti ni langu. Nikasema lilikuwa la mume wangu. Nikataja walioliazima, mmoja mmoja, na nyuma yangu nikasikia mabenchi yanalia, watu wanajificha. Gerald alioa nalo. Wolfgang alimpokea askofu nalo. Nikolausi alipigwa picha nalo, amebeba bangi. Akalirudisha limepasuka kwapani na kushonwa kwa uzi mweupe, koti jeusi, uzi mweupe, na mimi kwa heshima sikusema kitu. Nikafika kwa Renatus, nikasema alikwenda kuposa nalo, na sikumwangalia Theodory.

Mwendesha mashtaka akasimama na karatasi. "Mama, hili ni dole gumba la nani?"

"La kwangu."

"Umesema hapa, 'Ni la mwanangu Renatus, ana vitu vyake huyu, hategemei vya watu.' Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Siku ile nilikuwa na adabu," nikasema.

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akaitwa Nikolausi, akaja amevaa jaketi la michezo. Akasema koti la kwenye picha lilikuwa lake mwenyewe, la siku nyingi, na kwa bahati mbaya limeliwa na mchwa. Lote. Mpaka vifungo. Mwendesha mashtaka akaishika picha na kusema makoti meusi yako mengi Tanzania, na kwamba pale kwapani, mkono ulipoinuka, kinachoonekana ni shati tu la mtendaji, lenye mistari. Nikaangalia. Kweli palikuwa na mistari ya bluu kwenye mpasuko. Sikuwahi kuiona. Wala sikuwahi kutazama ndani ya ule mpasuko, nilirudishiwa umeshashonwa.

"Una kitu kingine, mama?"

Nikasema mume wangu alinioa nalo. Alikuja nalo Dongobesh miaka thelathini na mitano iliyopita, akasimama mbele ya baba yangu, na baba akasema mwanaume mwenye koti la sufu hawezi kukulaza njaa. Nikasema kwamba ukiniambia koti hili ni la mwingine yeyote, unanitolea Julius wangu kaburini. Nililia pale pale, bila kujificha.

"Pole sana, mama," akasema hakimu, na nikaona kwamba pole ndiyo yote anayoweza kunipa. "Mshtakiwa, una shahidi mwingine?"

Renatus akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa umeshaanza kifungo.

Nyuma kabisa mtu akasimama. Shuka, fimbo, viatu vya tairi. Alikuwa mzee Qamara. "Mimi nipo," akasema.

Karani akamwuliza ataapa kwa Biblia au kwa Kurani. Qamara akafikiri, akasema, "Mimi nina ng'ombe." Wakamruhusu kuthibitisha tu kwamba atasema kweli.

"Fungueni kwapa la kushoto," akasema. "Ondoeni huo uzi mweupe. Chini yake kuna kitambaa cha godoro, mistari ya bluu. Hakikushonwa kwa uzi wa dukani. Kimeshonwa kwa kano ya ng'ombe, mshono wa ngozi."

Hakimu akamwita Konsolata, ambaye alikuwa amekuja kurudisha kielelezo. Binti akatoa kimkasi na kioo cha kukuzia, akafumua. Mahakama nzima ilisimama, hata askari wa mlangoni. Chini ya uzi mweupe kikatoka kitambaa cha godoro, chakavu, mistari ya bluu. Konsolata akainama sana na kioo chake. "Hii si pamba wala nailoni, mheshimiwa," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na furaha. "Ni mshipa wa mnyama." Akaiweka picha ubavuni mwa koti. Mistari ile ile, mpasuko ule ule. Shati la Nikolausi likawa godoro.

Nikolausi akasema huenda mchwa hawakumaliza.

Mwendesha mashtaka hakuwa na hamu tena, lakini kazi ni kazi. "Mzee, wewe umejuaje kilichomo ndani ya koti la watu?"

Qamara akaegemea fimbo yake. Alinitazama mimi, akatazama chini.

"Mke wangu mkubwa ndiye alishona," akasema. "Zamani malisho ya kule Basotu yaligeuka ngano. Mimi nikageuka mlinzi wa ngano. Bosi mmoja alipoondoka akanipa koti, limetoboka hapo. Mke wangu akatia kiraka kwa ndani, nje akafunika kwa sufu yenyewe. Koti ni langu."



"Ilikuwaje likafika kwa marehemu Julius?" akauliza hakimu taratibu.

"Julius alikuja Jumamosi. Alikuwa anakwenda Dongobesh kuposa. Akasema atalirudisha Jumatatu."

"Jumatatu ya lini?"

"Hakusema, mheshimiwa."

Sijui nilikaaje. Watu husema aibu inawaka moto, mimi yangu ilikuwa baridi, ilianzia miguuni. Baba yangu alinitoa kwa koti la Qamara. Nimejivunia koti la Qamara mbele ya majirani wote. Na Qamara mwenyewe, mara mbili kwa mwaka, alisimama mlangoni kwangu, akauliza habari za kuku, akapokea koti lake kwa mikono miwili, na mimi nikamwambia asilichafue. Na nikalinusa.

Renatus aliachiwa saa nane mchana. Mfuko wa kwenye Noah mpaka leo hauna mwenyewe, na dereva bado anashangaa. Nje ya mahakama Theodory alimkaribia kijana. Theodory akavuta midomo. Kisha akainama akaangalia viatu vyake, viatu vizuri vya ngozi vilivyompwaya kidogo kisiginoni, akaviangalia kwa muda mrefu. "Posa iko pale pale," akasema. Sikuuliza vile viatu ni vya nani.

Mimi nilimfuata Qamara, alikuwa ameshaanza kutembea. "Baba," nikamwita, "miaka yote hiyo. Kwa nini hukusema?"

Akasimama. Alionekana kushangaa kwamba naweza kuuliza jambo kama hilo.

"Lilimkaa," akasema.

Walinirudishia koti mwezi wa pili, kwa jina langu, kwa sababu fomu ya vielelezo ina nafasi ya mtu mmoja tu. Lina matundu mawili ya mraba, bega la kushoto na mgongoni, palipokatwa kwenda Arusha. Kwapa liko wazi. Nililipiga kwa fimbo, nikalianika, nikalikunja, nikashika njia ya Hirbadaw kwa miguu.

Nilimkuta nje ya boma lake. "Shikamoo, baba." "Marahaba, binti yangu." Akaniita ndani ya ua, akanipa kigoda nikae, akanipa maziwa, na kila kitu alichofanya kilinichoma kwa sababu mimi sikuwahi kukifanya. Nilimpa koti kwa mikono miwili, kichwa nimeinamisha. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakapotea.

Akalivaa juu ya shuka. Upepo uliingia kwenye matundu.

"Limekukaa, baba," nikasema.

"Asante," akasema. "Nimelizoea." Akapapasa kwapani, pale kwenye kitambaa cha godoro, akaacha mkono hapo. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye lango la miiba, akaniaga vizuri, akatuma salamu kwa Judith na kwa Renatus na mkewe.

"Na hili," akasema, akishika kola, "nitalirudisha Jumatatu."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikasema, "Sawa, baba," nikashika njia ya kurudi nyumbani.